Kielelezo si lazima kiwe bora

Katika kitivo chetu tunabishana sana juu ya maneno, lakini ni mara chache tunaulizana: neno hili nani alilisema, wapi, na siku gani? Wataalamu wa mimea wamezoea kuulizana hivyo tangu zamani, na kwa maoni yangu wana la kutufundisha. Mfano wangu ni mwani mdogo wa baharini. Najua nchi yetu inagusa bahari kidogo tu, kule Muanda, lakini jambo lenyewe linatuhusu.

Mwaka 1892 Mwingereza Edward Batters alieleza mwani mwekundu mdogo sana, unaotoboa maganda ya chaza na kuishi ndani yake. Kwa macho matupu ni doa la rangi ya waridi tu. Ukitumia darubini unaona nyuzi nyembamba. Aliupa jina la Kilatini, Conchocelis rosea.

Kwa sheria zao, jina la namna hiyo haliachwi lielee hewani. Hufungwa kwenye kipande kimoja kinachohifadhiwa, ambacho hapa nitakiita kielelezo cha jina. Mwani wa kawaida hutandazwa ndani ya maji juu ya karatasi, hupangwa kwa brashi, kisha hufunikwa kitambaa na kukandamizwa mpaka ukauke. Mara nyingi utelezi wake wenyewe ndio gundi. Ulio mdogo mno huwekwa kati ya vioo vya darubini. Pembeni huandikwa jina, mahali, tarehe na aliyeuokota. Tangu 1958, spishi mpya haipati jina halali kama mwandishi hakutaja kielelezo chake. Kuanzia mwaka huohuo maelezo ya mwani mpya yalilazimika kuwa na Kilatini; tangu 2012 Kiingereza pia kinakubaliwa. Lugha ya maelezo ilibadilika, ulazima wa kielelezo ukabaki.

Sheria hizo zinasema jambo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa lugha alishike: kielelezo cha jina si lazima kiwe mfano mzuri kuliko yote. Kinaweza kuwa kimechanika, kimepauka, au kimeokotwa pembezoni mwa eneo ambako mwani huo huota kwa wingi. Kazi yake ni kushikilia jina ili watu wawili wanapolitamka wawe wanasema juu ya kitu kimoja. Wenzake waliobaki baharini hawawi mwani mbovu kwa sababu hawakuchaguliwa.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifu. Ulikuwa uamuzi wenye faida: tulipata vitabu, kamusi na tahajia moja. Lakini huku Kongo tulikwenda hatua moja zaidi, tukakiita "Kiswahili bora". Hapo kielelezo kiligeuka kuwa cheo. Mtoto wa Lubumbashi anayesema "batoto banaenda ku masomo" anaambiwa anaharibu lugha, wakati anafuata kanuni zake bila kuteleza: *ba-* kwa watu wengi, *ku* kwa mahali. Mimi nasoma na kuandika Kiswahili sanifu, na makala haya ni ushahidi. Ninachokataa ni hilo neno "bora".

Hadithi ya Conchocelis ina sehemu ya pili. Mwaka 1949 Mwingereza mwingine, Kathleen Drew, alichapisha matokeo ya majaribio yake. Alizikuza spora za Porphyra umbilicalis, mwani wenye majani mapana unaojulikana sana, zikaingia ndani ya maganda na kuwa zile nyuzi za waridi. Kumbe vilivyohesabiwa kuwa viumbe viwili ni kimoja katika hatua mbili za maisha yake. Wakulima wa Japani, wanaokuza mwani wa jamii hiyo kwa chakula, walipata kujua mbegu yao inakaa wapi wakati wa joto, na kilimo chao kikabadilika. Jina la Porphyra, kwa kuwa ni la zamani zaidi, ndilo lililobaki. Hata hivyo conchocelis halikufa: leo wataalamu hulitumia kuitaja hatua ile ya maisha.

Drew aliweza kusema "hiki ndicho alichokiona Batters" kwa sababu Batters alikieleza wazi. Je, atakayekuja miaka hamsini baada yetu ataweza kusema hivyo juu ya kazi zetu za mwisho wa masomo? Nyingi zinatoa mifano ya Kiswahili cha mtaani kwa maneno "watu husema". Watu gani? Kwenye kambi ya wachimba madini au sokoni? Mzee au kijana?

Mwalimu mmoja anaweza kunijibu kwamba lugha si mwani, kwamba hubadilika kila asubuhi. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuihifadhi. Kielelezo hakizuii mabadiliko. Bila hicho hatuna pa kuyapimia.

Tunao mfano. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji huo, na kuipa jina la Kifaransa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Ina mwandishi, mahali na mwaka. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, huko Amsterdam. Vielelezo vingi vya mimea ya Kongo navyo viko Meise, Ubelgiji. Silaumu waliohifadhi. Nauliza sisi tumehifadhi nini.

Kwa hiyo napendekeza kwa kitivo: kila kazi inayotumia lugha ya wasemaji iambatane na sauti zilizorekodiwa kwa ridhaa yao, zikiwa na mahali, tarehe, umri wa msemaji na jina la aliyerekodi, na zikabidhiwe maktaba. Simu zetu zinatosha. Wazee waliojifunza Kiswahili katika kambi za kampuni wanapungua, nasi bado tunabishana kama kilikuwa bora.