Jukwaa Letu Lisioze Tena

Mwaka jana nilipokuwa nikighani shairi langu, ubao ulivunjika na mguu wangu wa kulia ukazama hadi gotini. Watu walicheka, nami nikajitia kucheka, lakini nilichechemea wiki mbili. Sasa chama kinajenga jukwaa jipya hapo nje, na wengi wanataka tununue tena mbao mbichi za saipresi ati kwa sababu ni za bei nafuu.

La hasha! Keringet si Nakuru mjini. Huku mvua ni nyingi na baridi yatetemesha meno. Ubao ukilowa haukauki upesi. Saipresi mbichi ikikaa udongoni huoza.

Wengine wanapendekeza nguzo za mwerezi. Ni kweli hudumu ardhini miaka mingi. Ua wa babu yangu ni shahidi. Lakini jamani, mwerezi huo utatoka wapi kama si msitu wa Mau? Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023, tena papa hapa jirani, Molo. Hata hivyo ruhusa ilihusu miti ya kupandwa iliyokomaa, siyo ya asili.

Mimi naona tuchukue nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, kama zile za stima. Juu yake tupigilie saipresi iliyokaushwa, tukiacha upenyo mdogo kati ya ubao na ubao ili maji yapite, na misumari iwe ile isiyoshika kutu. Pesa zikipungua, jukwaa na liwe dogo. Washairi hupanda mmoja mmoja. Ngonjera tutazifanyia chini, nyasini.