Njumu Siyo Yebo Yebo, Muacheni Straika wa Majimoto!

Kuna straika mmoja pale Majimoto, jina kapuni, mashabiki wamemshukia kama mwewe. Kisa? Viatu! Miaka yote jamaa alikuwa anakipiga na raba laini, siku nyingine peku kabisa, na mabeki walikuwa hawamuoni. Juzi kati kuna bosi mmoja kamletea njumu ngumu za meno ya chuma, jioni ya kuamkia fainali ya mbuzi. Picha zikapigwa, watu wakashangilia. Kesho yake akazivaa. Kateleza mara mbili, penalti kapaisha, katoka anachechemea. Sasa mtaani wanasema eti kajiona staa, njumu zimeua kipaji.

Huo ni uonevu, wadau.

Meno marefu ya chuma yametengenezwa kwa ajili ya nyasi laini zilizolowa, ili yazame ardhini. Uwanja wa udongo wakati wa kiangazi ni mgumu kama lami, meno hayazami. Mchezaji anabaki kasimama juu juu kama kavaa mchuchumio, uzito wote unalalia sehemu chache za unyayo. Akigeuka ghafla, goti au kifundo ndiyo kinalipa. Hapo kipaji kina kosa gani?

Wengine wanamshauri arudi peku. Nao wanampoteza. Sheria ya 4 ya soka inasema viatu ni lazima, kwa hiyo kijana mwenye ndoto ya kucheza ligi atavaa tu, apende asipende. Kuhama ni sawa. Tatizo ni kuhama usiku mmoja.

Mcheki Abebe Bikila wa Ethiopia. Olimpiki ya Roma 1960 viatu vipya vilimsumbua, akaviweka pembeni, akakimbia marathoni peku na akachukua dhahabu. Tokyo 1964 akavaa viatu, akachukua tena, na muda ukawa mzuri zaidi. Mguu ukizoea kiatu, kiatu hakiui mtu. Ila siku ya mashindano siyo siku ya kujaribu.

Kwa viwanja vyetu, kijana aanze na njumu za meno mafupi ya mpira, yaliyo mengi, yanayogawa uzito. Azivae mazoezini nusu saa nusu saa, na soksi nzito, mpaka ngozi na kifundo vizoee. Zikimbana vidole, aachane nazo hata kama ni za bure.

Na wewe bosi, unayependa kusaidia vijana, hongera kwa moyo. Lakini uliza saizi, angalia uwanja, halafu lete njumu mwezi mzima kabla. Kijana wa watu akiumia goti, picha yako haitamlipia matibabu.

Mashabiki, mpeni muda huyo straika. Au mnasemaje, wadau? Shusha maoni yako hapo chini.