Mashine Rahisi, Kazi Ghali

Karakana moja inayotengeneza maboksi ya gia imepata fedha za kununua mashine za kukatia chuma zinazoongozwa na kompyuta. Kamati ya manunuzi ikalinganisha bei, ikachagua za wima, ambazo kikata chake huelekea chini, ikaiacha ya mlalo. Uamuzi huo ni kosa, na hurudiwa kila mahali ambapo gharama huhesabiwa siku ya kununua tu.

Mashine ya wima ina sifa zake. Bei yake mara nyingi haifiki nusu ya ile ya mlalo, haihitaji nafasi kubwa, na fundi huona vizuri anachokata. Kwa bamba au kalibu ya plastiki, inafaa.

Lakini boksi la gia si bamba. Lina matundu ya beringi pande mbili zinazotazamana, na mengine ubavuni. Kwenye mashine ya wima ya kawaida, fundi humaliza uso mmoja, hulegeza bolti, hufuta, hugeuza boksi, hulifunga tena, kisha hutafuta upya pa kuanzia vipimo. Nyuso nne, kufunga mara nne! Chembe moja ya chuma ikibaki chini ya boksi, au bolti ya upande mmoja ikikazwa kupita kiasi, tundu la nyuma halitalingana na la mbele. Hitilafu ya sehemu chache za mia za milimita jicho haliioni, ila shafti haiisamehi. Beringi hupata moto, gia hulia, mteja hurudisha boksi.

Kwenye mashine ya mlalo boksi hufungwa mara moja. Meza huzunguka nyuzi 180, na tundu la pili hutobolewa likifuata mstari wa la kwanza. Mabaki ya chuma huanguka yenyewe, hayarundikani tunduni yakaharibu makali ya kikata. Nyingi zina meza ya pili, inayopakiwa wakati ya kwanza iko kazini.

Wala si jambo geni. Milwaukee-Matic ya kampuni ya Kearney & Trecker, Marekani, iliyokuwa ikijibadilishia vikata tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa ya mlalo.

Watetezi husema ya wima huongezewa meza ya kuzungusha. Ndiyo, kwa fedha nyingine, na meza hiyo hula nafasi ya kazi. Basi hesabu ya urahisi imekwenda wapi? Kabla mkataba haujasainiwa, kamati iwaite mafundi, iweke mchoro wa boksi mezani, ihesabu litafungwa mara ngapi hadi likamilike. Bei iulizwe baadaye.