Viti vitupu vya Lord's ni somo kwa AFCON 2027

Jumapili ya Septemba 1, 2024, England ilimaliza kazi dhidi ya Sri Lanka kwenye Uwanja wa Lord's jijini London. Ilishinda kwa mikimbio 190. Siku moja kabla, Joe Root alikuwa amefikisha mikimbio 100 kwa mara ya 34 katika mechi za Test, rekodi mpya kwa mchezaji wa England. Kwa shabiki wa kriketi, raha gani tena zaidi ya hiyo? Timu inashinda, staa anavunja rekodi, tena ni wikiendi.

Lakini kamera zilipozunguka majukwaani, kilichoonekana ni viti. Uwanja unaoingiza takriban watu 31,000 ulikuwa na watu kama 9,000 tu. Huo ndio uwanja ambao wenyewe wanauita nyumba ya kriketi, na siku hiyo nyumba ilikuwa na wageni wachache kuliko mechi ya ligi ya mchana katika miji mingi ya soka.

Waliohoji hawakwenda mbali. Walitaja kiingilio. Tiketi nyingi za mechi ile zilikuwa zaidi ya pauni 100 kwa siku moja, na hata ya siku ya nne ilikaribia kiasi hicho. Pauni 100 ni zaidi ya Sh300,000 za Tanzania. Hapo hujala, hujanywa, hujalipa nauli ya treni. Baba mwenye watoto wawili akipiga hesabu, anaona bora abaki nyumbani na rimoti yake.

Kwa asiyeifuatilia kriketi, mechi ya Test huchezwa hadi siku tano, na tiketi huuzwa kwa siku. Anayenunua ya siku ya nne miezi kadhaa kabla hajui kama atakuta mchezo umenoga au umebakiza saa mbili uishe. Bidhaa ya namna hiyo ilipaswa kuuzwa bei chee. Badala yake, iliuzwa kana kwamba ni fainali.

Kwa nini mabosi wanafanya hivyo? Jibu liko kwenye historia ya mechi zilizojaa. India au Australia ikitua England, Lord's inafurika hata kiingilio kikiwa cha kukaba koo. Wahindi waishio Uingereza ni wengi na wanaipenda timu yao kufa. Mwenye uwanja akiona hivyo anaamini bei yake ni sahihi, halafu anaibandika karibu ileile kwenye mechi ya Sri Lanka. Hapo ndipo soko linapomuumbua.

Sababu ya pili ni runinga. Haki za kuonyesha mashindano ya ICC katika soko la India peke yake, kwa miaka ya 2024 hadi 2027, ziliripotiwa kuuzwa kwa takriban dola bilioni 3. Fedha za aina hiyo zikishaingia, mtu anayekaa juani na kofia yake anaanza kuonekana kama nyongeza tu. Akija, sawa. Asipokuja, hesabu haiharibiki.

Hayo ni mawazo ya hatari. Kituo cha runinga hakinunui nyasi na mipira. Kinanunua kelele, bendera, watu wanaoruka na watu wanaolia. Jukwaa likiwa tupu, hata anayetazama sebuleni anajiuliza kama mechi hiyo ina maana yoyote. Shabiki wa kiti cha bei ya chini ni sehemu ya bidhaa inayouzwa, tena ndiye pekee anayelipa ili awe sehemu yake.

Na gharama si tiketi tu. Kombe la Dunia la 2023 nchini India lilionyesha hilo vizuri. Michuano ilianza Oktoba 5, lakini ratiba ilitangazwa Juni 27, siku 100 tu kabla. Tiketi zikaanza kuuzwa mwishoni mwa Agosti. Katikati ya hapo, mechi ya India na Pakistan pale Ahmedabad ikasogezwa kutoka Oktoba 15 hadi Oktoba 14 kwa sababu iligongana na sikukuu ya Navratri.

Kusogeza mechi siku moja kunaonekana jambo dogo kwa aliye ofisini. Kwa shabiki aliyekwisha kulipia ndege na hoteli, ni hasara. Bei za vyumba Ahmedabad zilikuwa zimepaa mara tu ratiba ilipotoka. Kuna waliosaka sehemu ya kulala hadi wakakata tamaa.

Mwishowe ikatokea aibu. Mechi ya ufunguzi kati ya England na New Zealand, kwenye uwanja huohuo wa Ahmedabad unaobeba zaidi ya watu 100,000, ilianza huku sehemu kubwa ya majukwaa ikiwa tupu. Nchi yenye wazimu wa kriketi kuliko zote duniani ilifungua Kombe la Dunia kwa picha ya viti.

Wakongwe wanakumbuka kuwa kosa hili lilishafanywa. Mwaka 2007 Kombe la Dunia lilipelekwa visiwa vya Karibea, ambako kriketi huchezwa kwa ngoma, magamba ya kombe yanayopulizwa kama baragumu na vyakula vya nyumbani. Waandaaji wakaweka viingilio ambavyo wenyeji wengi hawakuvimudu. Wakazuia vyakula kutoka nje na wakataka vyombo vya muziki viombewe kibali. Antigua ikajengewa uwanja mpya nje ya mji, ilhali ule wa zamani, uliokuwa ukitikisika kwa muziki, uko katikati ya mji wenyewe.

India na Pakistan zilipotolewa mapema, mashabiki wa kigeni waliotegemewa hawakuja tena. Wenyeji nao walikuwa wameshafukuzwa kwa bei na masharti. Masharti yalikuja kulegezwa baadaye, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kenya ilikuwa miongoni mwa timu 16 za michuano hiyo, ikicheza mechi zake kisiwani St Lucia. Wakenya waliokuwa wakitazama nyumbani waliona Karibea isiyo na ngoma.

Sasa atazamwe anayefanya vizuri. Kombe la Dunia la wanawake la 2025 huko India, tiketi zilianzia rupia 100. Hiyo ni chini ya Sh3,000 za Tanzania, chini hata ya ile Sh5,000 ya mzunguko iliyozoeleka Kwa Mkapa kwenye mechi za Simba na Yanga. Mechi ya ufunguzi mjini Guwahati iliingiza watu 22,843, rekodi kwa hatua ya makundi ya mashindano ya wanawake ya ICC. Fainali ya Novemba 2 pale Navi Mumbai, India ilipoichapa Afrika Kusini kwa mikimbio 52, uwanja ulitapika watu. Dunia nzima iliona umati ule, na wasichana waliokuwa majukwaani walipata cha kuota usiku.

ICC ilijifunza kitu hapo. Kombe la Dunia la T20 la 2026 nalo likaanza na tiketi za rupia 100 kwa upande wa India. Maana yake inawezekana. Aliyepandisha bei ndiye anayeweza kuishusha.

Wapo watakaosema uwanja unaendeshwa kwa fedha, na kwamba kiingilio cha chini ni kujinyonga. Hoja hiyo ina uzito. Walinzi wanalipwa, nyasi zinatunzwa, taa zinakula umeme. Ila hakuna anayedai kila kiti kiuzwe kwa bei ya karanga. Wenye nacho wauziwe viti vya VIP, wapewe kiyoyozi, soda na sambusa, na walipie kweli. Kinachokataliwa ni kumfuata kapuku hadi kwenye kiti chake cha mwisho kabisa na kumpandishia bei hapo pia.

Soka lenyewe halina ubavu wa kuicheka kriketi. Mashabiki walipoziona bei za Kombe la Dunia la 2026, walipiga kelele dunia nzima, hadi Desemba 2025 FIFA ikalazimika kutangaza tiketi chache za dola 60 kwa mashabiki wa timu zinazoshiriki. Chache, na baada ya kusukumwa. Ugonjwa ni uleule, na sasa mgonjwa mwingine yuko njiani kuja Afrika Mashariki.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa AFCON kwa pamoja. Ni heshima ambayo nchi hizi tatu hazijawahi kuipata. Viwanja vinajengwa na vingine vinakarabatiwa, na viongozi wanazungumzia watalii, hoteli na uchumi. Yote ni mazuri. Lakini swali la mwana wa Mbagala, Kayole au Kawempe ni moja tu: ataingia?

Jibu linapaswa kutolewa mapema. Kwanza, CAF na kamati za maandalizi za nchi tatu zitangaze viingilio na ratiba miezi mingi kabla, na zikishatangaza zisibadilishe. Shabiki wa Mwanza anayetaka kuifuata Taifa Stars anahitaji muda wa kudunduliza. Anayevuka mpaka kwenda Nairobi au Kampala anahitaji zaidi.

Pili, majukwaa ya mzunguko yabaki ya wananchi, kwa bei wanayoijua kutoka kwenye ligi zao. Mechi zisizo na timu za nyumbani ziwe chini zaidi, na watoto wa shule wafunguliwe milango. Kuna faida gani Kwa Mkapa kubaki na viti 40,000 vitupu eti kwa kuwa heshima ya mashindano inadai bei kubwa?

Tatu, nauli ihesabiwe kama sehemu ya kiingilio. Mechi ikiisha usiku na daladala zikawa hazipo, bodaboda itakula mara tatu ya tiketi. Mabasi ya mashabiki si anasa. Nne, mfumo wa kuuza tiketi mtandaoni uwe wazi ili walanguzi wasizifagie zote asubuhi na kuziuza mara nne jioni getini.

Lord's iliamini jina lake linatosha kujaza viti kwa bei yoyote. Ahmedabad iliamini wingi wa watu wake unatosha. Karibea iliamini watalii watatosha. Kote huko kamera zilionyesha ukweli, na hakuna hotuba iliyoweza kuufuta. AFCON ya 2027 ina nafasi ya kuonyesha Afrika Mashariki ikiwa imesimama, imevaa jezi, inaimba hadi sauti inakauka. Picha hiyo haipatikani kwa kuwaalika wageni wa heshima pekee. Inapatikana kwa kumwachia mwananchi kiti anachoweza kukilipia.