Simu yangu si anasa, ni ofisi

Jamani, leo nina hasira, mnivumilie.

Wiki iliyopita tulikaa na mhasibu wetu kufunga hesabu za mwaka. Nikisema "wetu" msije mkafikiria makubwa. Ni kampuni ya watu watatu hapa Dar, tunapiga video, tunaandika, tunahariri kazi za watu, basi. Tulikuwa na chumba Sinza, pango likatushinda mwezi wa nne, tukahamia kila mtu kwao. Mhasibu akawa anapitia matumizi moja moja. Pango la miezi minne, sawa. Meza mbili na kiti cha kuzunguka, sawa. Printa, ambayo tangu tuinunue sidhani kama imetoa kurasa hamsini, sawa, tena akatingisha kichwa kwa heshima kabisa. Akafika kwenye simu, shilingi 850,000. Akaweka kalamu chini.

"Hii ya binafsi. Toa."

Na vifurushi vya mwaka mzima?

"Navyo toa."

Nikamwuliza kwa nini. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi. "Mdogo wangu, simu kila mtu anayo. Mkaguzi wa kodi akiiona humu atajua mnataka kumchezea akili, na akishaanza na simu atafukua na mengine."

Haya. Hebu tuulizane, mimi na wewe unayesoma hapa. Kampuni yetu iko wapi? Meza ziko sebuleni kwa mwenzetu, mmoja wa watoto anafanyia homework. Printa imefunikwa kitambaa. Kampuni iko kwenye simu! Mteja ananitafuta kwenye simu. Ankara namtumia kwa simu. Mahojiano narekodi kwa simu, na mara mbili mwaka huu kamera ilipogoma tulipiga kazi nzima kwa simu na mteja hakujua (sasa atajua). Malipo yanaingia kwa simu. Halafu kali kuliko zote: namba ya malipo ya kodi naipokea kwenye simu, na kodi yenyewe nailipa kwa simu hiyo hiyo ambayo naambiwa haihusiani na biashara. Hivi tunachekana au?

Tusome sheria basi, maana mhasibu wangu hakunisomea, alinitisha tu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 11, inaruhusu biashara kutoa matumizi yaliyofanyika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya biashara. Matumizi ya nyumbani kwako hayaruhusiwi. Chombo kinachodumu kama simu hakitolewi chote kwa mpigo kama pango, kinaingia kwenye uchakavu, kidogo kidogo kila mwaka. Hakuna mahali panaposema simu marufuku. Linalobishaniwa ni hilo neno "tu".

Na hapo ndipo wanapokukamata. "Mama yako hakupigii kwenye hiyo simu?" Ananipigia, tena sana. Lakini ile meza iliyokubaliwa nimelia chipsi mayai juu yake mara ngapi? Gari la mkurugenzi wa kampuni kubwa Jumamosi linakwenda harusini na Jumapili kanisani, mbona mafuta yake yamo vitabuni na hakuna anayeweka kalamu chini? Gari nalo sheria imeliwekea kikomo cha thamani, najua, lakini ndani ya kikomo hicho linahesabika kuwa ni la kazi. Mwenye gari anaaminiwa. Mwenye simu ni mwizi mpaka athibitishe vingine.

Hata uchakavu wenyewe una kituko chake. Kompyuta na vifaa vya kuchakata data viko kwenye daraja la asilimia 37.5 kwa mwaka. Samani na vifaa vya ofisi, pamoja na vitu vyote visivyopata pa kuwekwa, ni asilimia 12.5. Simu haikutajwa kwa jina. Mwaka 2004 simu nyingi za mfukoni zilikuwa za kupiga, kutuma meseji na kucheza mchezo wa nyoka, kwa hiyo siwalaumu walioandika. Lakini leo? Asilimia 12.5 kwa mwaka ni mwendo wa kabati la mninga. Simu yangu ya kabla ya hii ilikufa betri, kioo na spika kabla ya miaka mitatu.

Ngoja niweke hesabu, maana bila hesabu nitaonekana napiga kelele. Vifurushi vyangu ni kama 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Nilikaa usiku mmoja nikapitia orodha ya simu na data ya mwezi mzima, kazi upande huu, mama na washkaji upande ule. Kazi ilitoka karibu robo tatu. Robo tatu ya 720,000 ni 540,000. Kampuni inalipa kodi asilimia 30 ya faida, kwa hiyo nikiiondoa hiyo 540,000 kwenye matumizi, nimelipa 162,000 kwa faida ambayo haipo. Hiyo ni nauli ya kwenda Dodoma na kurudi, na pa kulala. Kwa kampuni ya watu watatu hiyo ni kazi moja tuliyoshindwa kuifuata.

Na hivyo vifurushi vilishakatwa kodi kabla sijavigusa. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu ulikuwa asilimia 17, halafu VAT ya asilimia 18 ikakaa juu yake. Kwa viwango hivyo, katika kila elfu moja uliyotoa, kama 276 ilikwenda serikalini. Sisi hatujafikia kiwango cha kusajiliwa VAT, kwa hiyo ile VAT hatuidai kwa mtu. Imekwenda. Halafu pesa hiyo hiyo mnaniambia niihesabu kuwa ni faida, niikatie tena?

Unayefanya biashara peke yako kwa jina lako na unalipa kwa makadirio ya mauzo, hili halikuhusu sana, kwako matumizi hayahesabiki kabisa, iwe simu iwe printa. Lakini sisi tuliitwa semina, tukapewa maji ya chupa na korosho, tukaambiwa vijana rasimisheni, sajilini kampuni. Tukasajili. Kampuni inatozwa kwenye faida, na faida ni mauzo ukitoa matumizi. Ukininyima matumizi yangu makubwa umenitoza kwenye mauzo kwa mlango wa nyuma.

Sasa zamu yetu, maana siwezi kuwasema wengine nikajisahau. Simu yangu nilinunua Kariakoo. Muuzaji akaniuliza, "Bila risiti au na risiti? Na risiti bei inapanda." Mimi, mwandishi wa habari, niliyeshaandika kuhusu ukwepaji kodi, nikasema bila. Laini nimesajili kwa namba yangu ya NIDA, jina langu, wala si la kampuni. Vifurushi nanunua kwa pesa ya kwenye laini hiyo hiyo, sitofautishi pesa ya kampuni na ya sukari. Kwa ushahidi gani basi mkaguzi aniamini? Hapa mhasibu alinipiga chini na nikakaa kimya.

Na kuna nyie wengine. Yupo rafiki yangu mwenye kampuni ya mtu mmoja na nusu aliyeandika simu tatu. Tatu! Moja anayo yeye, moja anayo mchumba, ya tatu tuliiona kwa dada yake Krismasi. Nyie ndio mnaotufanya wote tutazamwe kwa jicho la pembeni.

Uingereza walishalimaliza hili kwa njia rahisi mpaka inaudhi. Tangu Aprili 2006 mfanyakazi anaruhusiwa simu moja tu ya mwajiri bila kukatwa kodi kwa faida hiyo, hata akimpigia mama yake, mradi mkataba wa simu uwe kwa jina la kampuni. Mtu mmoja, simu moja, jina la kampuni. Na wao walibishana simu janja ni simu au ni kompyuta, mpaka mwaka 2012 watoza kodi wao wakakubali kwamba ni simu. Kwetu ningependa wakubali kwamba ni kompyuta, kwa sababu ya ile asilimia 37.5, lakini hata nusu mkate nitakula. Mstari mmoja kwenye mwongozo unatosha, mhasibu akiuona ataacha kutetemeka.

Nilimrudia na karatasi zangu za robo tatu. Ile 850,000 imekwenda, risiti sina, na sitakwenda kuitafuta ya kughushi. Vifurushi amesema ataangalia. Jana tumechukua laini kwa jina la kampuni, na nyaraka za usajili wa kampuni tulibeba wote kama tunakwenda mahakamani.

Mhasibu amenijibu usiku saa tano kasoro. Kwa WhatsApp. Anaomba nimpigie picha ile orodha ya simu upya, ya kwanza haisomeki.