Hiyo Ni Gemu au Sinema ya Kubonyeza?

Mwezi huu sina habari za hawara wala za mawifi. Leo nauleta hadharani ugomvi wa sebuleni kwangu mwenyewe, na aliyeuanzisha si mwanamke mwingine, ni gemu. Usicheke kwanza, ngoja nimalize.

Sizungumzii gemu za risasi wala zile za mpira ambazo wanaume wakizianza hata chai inapoa mezani. Nasema zile za kisa: kuna mhusika, kuna mahali pageni, kuna siri, na wewe kazi yako ni kuzurura, kuongea na watu, kuokota vitu na kufumbua mafumbo ili hadithi isonge mbele. Mume wangu kakua nazo, tangu yuko sekondari, kwenye kompyuta ya mjomba wake. Mimi nimezikuta ndani ya ndoa, kama nilivyowakuta shemeji zangu. Na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Yeye anasema gemu isiyokukesha kwa fumbo si gemu, ni sinema ya kubonyeza. Mimi nasema nikirudi kazini nimechoka sitaki kuhangaika saa mbili natafuta ufunguo, nataka kujua nini kilimpata yule binti.

Tusijione wa ajabu. Mashabiki wa gemu hizi wamebishana hivyohivyo kwa miaka, tena kulekule zilikokulia, Marekani. Na kwa taarifa yako, mbegu ya zile zenye picha ilipandwa na mke na mume! Mwaka 1980, huko California, Roberta Williams na mumewe Ken walitoa Mystery House. Mke alibuni kisa na mafumbo, mume akaandika programu. Mwaka 1984 wakaleta King's Quest, na kampuni yao, Sierra, ikawa jina kubwa. Ila gemu zao zilikuwa na roho mbaya: ukikanyaga pabaya umekufa, na kama hukuseva shauri yako. Wenzao wa Lucasfilm Games walipotoa The Secret of Monkey Island mwaka 1990 wakaamua mchezaji asife ovyo, azurure tu kwa amani.

Lakini kutokufa si kutokukwama. Hebu sikia hii. Kwenye Monkey Island ya pili, ya mwaka 1991, kuna pampu ya maji unayotakiwa kuifunga na spana huna. Jibu lake? Unamtoa mfukoni nyani uliyemduwaza mapema, unamtumia yeye kama spana! Kwa nini? Kwa sababu Wamarekani kuna spana wanaiita spana ya nyani. Basi. Hata Waingereza, wenye Kiingereza chao, jina hilo halikuwa la kawaida kwao na wengi waliduwaa kuliko huyo nyani. Sasa sisi ambao mtaani tunaiita spana malaya tungelijuaje? (Naogopa hata kuwaza jibu lingekuwaje kama fumbo lingetungwa na fundi wa Gerezani.) Mume wangu alikwama pale likizo nzima, na mpaka leo anaisimulia likizo ile kama mtu anayesimulia jeshi.

Ipo nyingine mbaya zaidi. Gabriel Knight 3, mwaka 1999. Ili ukodishe pikipiki inabidi ujifanye rafiki yako. Kwa hiyo unabandika gundi ya karatasi kwenye tundu la mlango, paka anapita, manyoya yake yananasa, unayatengenezea masharubu ya bandia. Na huyo rafiki hana masharubu! Inabidi uyachore kwa kalamu kwenye picha ya kitambulisho chake. Mashabiki walicheka mpaka wakalia, na wapo waliosema mafumbo ya namna hii ndiyo yaliyozifukuzia wachezaji gemu zao.

Shemeji yangu mmoja, rafiki wa mume wangu, anapenda kusema urahisi umeletwa na watoto wa simu wasio na subira. Huwa namkumbusha kwamba ile ile Monkey Island 2, mwanzoni kabisa inakuuliza unataka yenye mafumbo yote au ile nyepesi iliyopunguzwa. Mwaka 1991 hiyo! "Shemeji, wewe umeolewa juzi tu umeshajua yote haya?" ananijibu. Nimejua kwa shida, shem.

Mwaka 2012 ndio uliochanganya kabisa. Februari, Tim Schafer na kampuni yake ya Double Fine waliomba wapenzi wa zamani wawachangie dola 400,000 watengeneze gemu ya kisa ya mtindo ule ule wa kale. Watu zaidi ya 87,000 wakachanga zaidi ya dola milioni 3.3. Aprili mwaka huohuo kampuni ya Telltale, iliyoanzishwa na watu waliotoka LucasArts, yaani Lucasfilm Games ile ile kwa jina jipya, ikatoa sehemu ya kwanza ya The Walking Dead, ambayo mafumbo yake ni kama kutia betri kwenye redio. Hiyo ndiyo iliyobeba tuzo. Na ile ya Schafer, Broken Age? Nusu ya kwanza ilipotoka 2014 wakalalamika ni rahisi mno. Nusu ya pili ikatoka 2015, imekazwa, wakalalamika ni ngumu mno. Mashabiki hawa bwana, ukipunguza chumvi wananuna, ukiongeza wanasusa.

Sasa nije nyumbani. Nilimbembeleza mume wangu tuicheze The Walking Dead pamoja, mimi nashika mausi, yeye anakaa pembeni na dharau yake. Kisa ni cha Lee, mwalimu wa chuo aliyekuwa anapelekwa jela kwa kuua, wafu wakaanza kutembea, akajikuta analea mtoto wa watu wa miaka minane, Clementine. Gemu haikuumizi kichwa. Inakuuliza maswali na inakupa sekunde chache tu za kujibu. Useme ukweli au udanganye? Umwokoe huyu au yule?

Mwishoni mwa sehemu ya pili kundi lina njaa ya siku nyingi. Mnakuta gari porini, taa zinawaka, mlango wazi, ndani kumejaa chakula. Mwenyewe haonekani. Clementine anauliza kama ni la mtu. Chukua au acha?

Nilibonyeza chukua kabla hata mtoto hajamaliza kuongea.

"Mbona haraka hivyo?" mume wangu akauliza. Nikamwambia kuna watoto wana njaa, wewe ungefanyaje. Akasema angesubiri kidogo, pengine mwenye gari yuko jirani. Nikamjibu kwa ukali ambao hata mimi ulinishtua. Akanitazama. Ilikuwa kama saa tano usiku, feni inazunguka, Lee kasimama kwenye kioo na maboksi ya watu mikononi.

Mpenzi msomaji, miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimetoa laki sita kwenye pesa zetu za kiwanja. Ada ya mdogo wangu, alikuwa anafukuzwa chuo. Nilijiambia nitarudisha kabla hajajua. Nilikuwa nimebeba kitu kile kifuani kama jiwe, na usiku ule kikatoka chenyewe. Nilimwambia yote, mausi bado mkononi.

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Ungeniambia, mama." Akaenda kulala. Siku tatu tuliishi kwa salamu.

Kwa hiyo mtu akiniambia gemu nyepesi haitoshelezi, namwelewa, lakini nina langu la kusema. Fumbo la nyani lilimtesa mume wangu likizo nzima, ila halikumuuliza yeye ni mtu wa aina gani. Mimi nilibonyeza mara moja tu nikajulikana. Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hata ungekataa kuchukua, wenzako wanachukua vilevile! Hapo wanaopinga wana haki kamili: chaguo nyingi mle ni za danganya toto. Ukimwokoa huyu badala ya yule, utampoteza tu mbele ya safari. Lakini baadaye sana anatokea mtu anayekuja kukudai maelezo ya lile gari, na aliyechukua na aliyekataa wanasemeshwa tofauti. Kisa hakibadiliki, anayebadilika ni wewe unayejibu.

Lakini nisijipendelee. Baada ya zile siku tatu mume wangu aliniomba nami nikae pembeni yake kwenye gemu zake za zamani, kwa usawa, na kuna jambo nililiona. Ukikwama huondoki. Unarudi kwenye baa ile ile mara kumi, unamjua mwenye duka kwa tabia, unaijua njia ya bandarini kama ya kwenu. Kwenye zangu napita tu, kama abiria wa basi la mkoani anayeona miji kupitia dirishani. Kisa kinaniingia ila mahali hapaniingii. Na nadhani Telltale walilipia hilo. Walitoa kisa baada ya kisa kwa chombo kile kile, watu wakauzoea ujanja, na Septemba 2018 kampuni iliwaachisha kazi watu wapatao 250 kwa mpigo, ikabaki na 25. Hadithi ya mwisho ya Clementine ilibidi imaliziwe na kampuni nyingine, Skybound.

Kwa sasa tumekubaliana kuchezea uwanja mmoja, Return to Monkey Island ya 2022. Ron Gilbert, aliyetunga ile ya 1990, aliirudia mwenyewe na akawawekea wagomvi wote chakula chao: ipo njia nyepesi, ipo ngumu, na ndani yake kuna kitabu cha vidokezo kwa aliyekwama. Mume wangu alichagua ngumu bila kuniuliza na akapiga marufuku kitabu kufunguliwa. Kila jioni tunakwama pamoja, bega kwa bega, na nakiri ni raha yake. Ile laki sita imebaki laki mbili.

Ila yeye anaoga muda mrefu sana, jamani. Nimeshakifungua kile kitabu mara nne. Baba, ukisoma hapa, ndiyo nimeshakuambia.