Usaili wa mchezo wa mapenzi usifanyiwe nyuma ya mlango

Kikundi cha maigizo cha ridhaa kikitangaza usaili wa mchezo wa mapenzi, watu hawakosekani. Mchezo wa vita vya Majimaji utapata waigizaji kwa kubembelezana. Wa mume na mke wanaokaribia kupeana talaka utajaza benchi la nje mpaka wengine wakae kwenye ngazi. Si ajabu. Mapenzi kila mtu anadhani anayajua, na hata asiyewahi kukanyaga jukwaa anaamini kwamba kwa hili, angalau, ana uzoefu. Tatizo linaanzia mlangoni. Mara nyingi mtu huitwa ndani peke yake, mlango unafungwa nyuma yake, na mezani yupo mwongozaji, pengine na rafiki yake mmoja. Hajapewa muswada, wala hajui hadithi inaishia wapi. Anaambiwa tu: “Haya, mumeo kakuacha kwa ajili ya mdogo wako. Lia.” Anayelia upesi na kwa sauti hupata nafasi, wengine huambiwa watapigiwa simu. Utaratibu huu una hasara mbili: unachagua waigizaji wasiofaa, na unawaacha watu bila ulinzi wowote. Naona hasara zote mbili zinaondoka kwa jambo moja: watu wasome wawili wawili, mbele ya wenzao, wakiwa wameusoma mchezo wote kabla ya kuja.

Nianze na sanaa yenyewe, maana hapo ndipo watetezi wa mlango uliofungwa hudhani wana nguvu. Uhusiano unaovunjika hauko ndani ya mtu mmoja, uko katikati ya wawili. Chukua tukio dogo. Ni usiku wa manane, mume anaingia, mke ameketi kitandani anakunja nguo. Bila kuinua uso anauliza, “Umekula?” Mume anajibu, “Nimekula.” Kwenye karatasi hapo hakuna kitu. Lakini swali la mke linaweza kuwa huruma ya mtu aliyemzoea mwenzake. Linaweza kuwa shutuma, yaani umekula kwa nani. Linaweza pia kuwa mazoea matupu ya mtu ambaye moyoni alikwisha kuondoka. Jibu la mume haliwezi kupangwa mapema, kwa sababu linategemea amesikia lipi kati ya hayo. Akilitoa kwa sauti ileile aliyoifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo, tukio limekufa, hata awe na sura ya kuuza tiketi. Akisita, akatazama zile nguo, akagundua kwamba zinazokunjwa ni za mke peke yake, ukumbi mzima utaelewa kabla hajafungua kinywa. Sasa niambie, uwezo huo utapimwaje kwa mtu anayeulilia ukuta?

Wanaofundisha uigizaji wamelijua hili zamani. Sanford Meisner, aliyefundisha kwa miongo mingi katika shule ya Neighborhood Playhouse jijini New York, alijenga mafunzo yake juu ya zoezi linaloonekana la kitoto: watu wawili wanatazamana, mmoja anataja kitu anachokiona kwa mwenzake, mwenzake anakirudia, na wanaendelea kurudia hadi maneno yaleyale yabadilike maana kutokana na jinsi kila mmoja anavyoguswa na mwingine. Zoezi hilo halifanyiki peke yako. Na michezo bora ya mapenzi yaliyoharibika imeandikwa kana kwamba waandishi wake wanalijua. Katika Betrayal ya Harold Pinter, iliyoonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1978, kuna mke, mume na rafiki wa mume, na hadithi kwa sehemu kubwa inarudi nyuma, kutoka siku ambazo mapenzi ya siri yamekwisha hadi usiku yalipoanza. Hakuna mayowe ya kutegemea pale. Kuna vijisentensi vifupi, kimya, na watu wanaojua zaidi ya wanavyosema. Mwigizaji aliyechaguliwa kwa wingi wa machozi yake angemaliza kazi yake dakika ya tano na kubaki amesimama tu.

Kwa nini basi tunadai machozi? Nailaumu skrini kwa sehemu. Kamera inaweza kusogea mpaka jicho lijaze kioo kizima, na hapo chozi moja ni habari kubwa. Ukumbini mtu wa safu ya kumi haoni chozi. Anaona bega linavyogeuka, hatua inavyosita, mkono unavyoacha kushika kikombe. Tamthilia zetu wenyewe zinatufundisha vivyo hivyo. Katika Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, mvutano wa Tatu na mama yake unajitokeza katika jambo la kawaida kabisa, ruhusa ya kwenda sinema na kijana anayeitwa Swai. Msichana akilisoma tukio hilo kwa kilio tangu ukurasa wa kwanza, hatakuwa na pa kupandia mambo yatakapoharibika kweli.

Sasa niingie kwenye neno “mbele ya wenzao”, ambalo najua ndilo linalowakwaza wengi. Mfano mkubwa tunao hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1977 wakazi wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wengi wao wakulima na wafanyakazi wa kawaida, waliandaa Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Nitaolewa Nikipenda. Watu huukumbuka kwa siasa yake: ulianza kuonyeshwa Oktoba, kibali kikafutwa Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong’o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Kinachosahaulika ni kwamba ndani ya siasa hiyo kuna mapenzi yaliyoharibika: Gathoni, binti wa familia maskini, anapewa mimba na John Mũhũũni, mtoto wa tajiri, kisha anatupwa. Na kinachosahaulika zaidi ni jinsi waigizaji walivyopatikana. Katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong’o anaeleza kwamba usaili na mazoezi vilifanyika hadharani. Mwanzoni ni kwa sababu palikuwa na uwanja mtupu tu. Baadaye wakauona uwazi wenyewe kuwa na faida. Wanakijiji walikaa wakitazama, wakatoa maoni, wakasahihisha jinsi jambo fulani linavyofanywa, na baadhi yao wakayajua maneno ya wahusika wote.

Sidai kwamba watu wa Kamĩrĩĩthũ walikuwa wakikwepa madhila ya chumbani. Hoja yao ilikuwa nyingine, ya nani ana haki ya kuiona sanaa inavyotengenezwa. Lakini fikiria maana yake kwa msichana anayesoma nafasi ya Gathoni. Wanaomtazama ni kina mama wanaojua binti mwenye mimba asiyotarajiwa anasimamaje mbele ya baba yake, anaweka wapi mikono, anajibu nini akiulizwa na nini hajibu. Hakuna mwongozaji mmoja, awe na shahada ngapi, anayeweza kuubeba ujuzi huo peke yake. Kwa kuufunga mlango anaukataa msaada wa bure.

Upande wa pili wa hoja hauhusu sanaa. Katika kikundi cha ridhaa hakuna mshahara, mara nyingi hakuna mkataba, na hakuna chama cha kukimbilia. Kitu pekee cha kugawa ni nafasi jukwaani, na anayeigawa kwa kawaida ni mtu mmoja. Mchezo ukiwa wa mapenzi, mtu huyo akiwa na nia mbaya ana kisingizio tayari mfukoni: anataka tu kuona kama utaweza kukumbatiwa. Oktoba 2017 gazeti la New York Times lilipochapisha tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein, mojawapo ya mambo yaliyojirudia katika maelezo ya wanawake ni mikutano ya kazi iliyoishia katika vyumba vya hoteli. Aprili 2018 chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kikatoa mwongozo wa kupinga usaili na mikutano ya namna hiyo katika vyumba vya hoteli na nyumba za watu. Ile ni Hollywood, yenye mawakala na mawakili. Sisi tuna darasa la shule lililoazimwa Jumamosi jioni. Nchini Tanzania, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo. Lakini sheria huja baada ya tukio na hudai ushahidi, na chumba chenye watu wawili kina ushahidi wa aina gani? Niongeze pia kwamba waongozaji wengi ni watu waadilifu, na mlango uliofungwa hauwalindi hata wao siku wakisingiziwa.

Kuhusu kuusoma mchezo mapema, sioni hata cha kubishana. Nafasi ikidai kukumbatiana, kupigwa kofi au kulala kitanda kimoja mbele ya watu, tangazo liseme. Mwenye ndoa atazungumza na mwenzake nyumbani. Binti atajua kama anaweza kumkaribisha mama yake ukumbini au la. Na siku ya usaili yenyewe pasiwe na kugusana kabisa. Kofi la jukwaani ni hatua ya kupangwa na kuhesabiwa kama ngoma, ni kazi ya mazoezi. Anayelidai kwa watu waliofahamiana dakika kumi zilizopita hatafuti kipaji.

Wapo watakaosema uwazi unawanyima wenye haya. Hoja hii ni ya kweli na sitaki kuirukia. Kuna watu wanaochanua baada ya wiki mbili za mazoezi ambao siku ya kwanza, mbele ya macho ishirini, wangenyauka. Dawa yake ni kuwapa muda: wasome kwanza na mtu waliyekuja naye, kisha wabadilishane na mgeni. Mwisho wa yote, jukwaa ni mbele ya watu, na mlango uliofungwa unaiahirisha tu haya hiyo. Wengine watasema jozi ya mwisho itawaiga waliotangulia. Itaiga, ndiyo. Basi mwongozaji abadilishe tukio, na waliofungua dimba warudiwe mwishoni, kwani wao ndio huumia zaidi. Wapo pia wanaoogopa fedheha ya kukataliwa hadharani, lakini hapo panachanganywa vitu viwili: kusoma kuwe wazi, majibu yatolewe faragha, kwa kila mtu na simu yake.

Pingamizi linalotolewa kwa kujiamini zaidi ni la mwongozaji anayesema lazima akae na mtu peke yake ili ajue ameumia nini maishani, maana bila hivyo hataweza kumpa nafasi ya mtu aliyeumizwa. Silikubali. Swali la “wewe umewahi kuachwa?” halimwambii chochote kuhusu uigizaji, aliyeachwa mara tatu anaweza kuwa mti jukwaani, na aliyeoa mchumba wake wa kwanza anaweza kutuliza sote. Linachofanya ni kumpa mwongozaji siri ya mtu ambaye bado hajawa hata mwanachama wa kikundi. Kama anataka kujua mtu anavyofikiri, amuulize kuhusu mhusika: Gathoni alimwamini Mũhũũni kwa nini, na ni lini alianza kushuku? Maswali hayo yanaulizika mbele ya ukumbi mzima, na majibu yake yatawafaa hata waliokaa wakisubiri zamu yao.